Sura ya Sita: Mbona Mashine Inazimika Tukifika Kati?

Wavuvi huliuliza swali hili kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Mashine imewaka kwa mvuto wa pili wa kamba. Imenguruma vizuri pale ufukweni, kila mtu kasikia. Chombo kimetoka, kimevuka mwamba, na kabla nyavu hazijaguswa mashine inaanza kukohoa, inazima, na haitaki tena. Fundi anapigiwa simu, naye hana shaka: "Kabureta hiyo, ileteni." Inafunguliwa, inasafishwa, inawaka. Baada ya wiki mambo ni yale yale.

Mara nyingi kabureta haina kosa. Imepokea tu uchafu ulioanza safari mbali nayo, kwenye kituo cha mafuta, kwenye dumu, kwenye tanki, ndani ya mpira wa kuletea mafuta. Anayesafisha kabureta akaliacha tanki kama lilivyo hajatengeneza kitu. Amejinunulia wiki moja.

Na sababu ya mashine kuwaka ufukweni kisha kuzima kati ni nyepesi kuielewa. Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo lenye petroli kidogo, na nyingine imo ndani ya mpira. Hiyo ndiyo inayoiwasha mashine na kuikimbiza kwa muda mfupi wa mwanzo. Ufukweni tanki limetulia, maji na takataka vimelala chini kabisa. Mkifika kwenye mawimbi tanki linatikiswa, kilicholala kinaamka, na mrija wa tanki, ambao mdomo wake uko karibu na sakafu, unakivuta chote. Ule mngurumo wa ufukweni ulikuwa wa petroli ya jana.

Kuzimikiwa mahali pabaya

Sura hii inahusu injini za kupachika, zile ndogo za nguvu ya farasi 8, 15, 25 hadi 40 zinazofungwa nyuma ya boti za fiberi, mashua na mitumbwi, na ambazo wenyewe huziita mashine tu. Nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mashine ikizima barabarani unashuka na kusukuma. Baharini hakuna pa kushuka.

Mkondo wa bahari unaopita pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakaza zaidi. Kati ya Unguja na bara maji si ya kina kikubwa, nanga inaweza kushika. Kati ya Pemba na bara ni habari nyingine: kina kinafika mamia ya mita na kamba ya nanga ya mvuvi wa kawaida haigusi chini. Chombo kilichozimikiwa pale hakisimami, kinachukuliwa. Kwa hiyo ninaposema chuja petroli yako, sizungumzii unadhifu.

Kabureta inafanya kazi gani?

Petroli ikiwa bado kimiminika haiungui vizuri ndani ya injini. Lazima ipasuliwe iwe ukungu na ichanganywe na hewa kwa kipimo. Kazi hiyo ndiyo ya kabureta, na namna inavyoifanya ni ile ile ya bomba la zamani la mkono la kupulizia dawa ya mbu: hewa ikipita kwa kasi juu ya mdomo wa kijibomba, inanyonya dawa kutoka kwenye kopo na kuitawanya. Ndani ya kabureta pana koo jembamba. Injini inavuta hewa, hewa ikifika kooni inaongeza kasi, na petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli.

Ili kipimo kisizidi wala kupungua, petroli hupita kwenye jeti. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, na tundu hilo mara nyingi halifiki milimita moja. Kabureta nyingi zina jeti mbili: ndogo ya mwendo wa chini na kubwa ya mwendo wa kasi. Ndani ya bakuli kuna boya, linalopanda petroli ikijaa na kusukuma sindano inayofunga mlango, kisha linashuka petroli ikipungua na mlango unafunguka.

Ukishajua hivyo, tabia ya mashine inaanza kukueleza ugonjwa wake:

- Inawaka, lakini ukishusha mafuta hadi mwendo wa chini inazima: shuku jeti ndogo.
- Inatulia vizuri kwenye mwendo wa chini, ukipiga resi inazama na kukohoa: shuku jeti kubwa, au petroli haifiki ya kutosha.
- Petroli inamwagika nje ya kabureta: sindano haifungi. Punje ya mchanga inatosha kuiachia wazi.
- Inakufa polepole, ukibana pampu ya mkono, kile kifuko cha kwenye mpira wa mafuta, inafufuka: kabureta ni nzima. Tatizo liko kwenye njia ya kuletea petroli.

Hiyo ya mwisho ni kipimo bora kuliko vyote, na hakina gharama. Kabla hujamlipa mtu afungue kabureta, mwambie mwenzako abane pampu ya mkono mashine ikiwa inasinzia, na wewe usikilize.

Maji

Lita ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, lita ya maji ni kilo nzima. Kwa hiyo maji huzama chini ya petroli na kukaa pale pale ambapo mrija wa tanki unanyonya. Tone moja likifika kwenye tundu la jeti, linaziba. Maji hayaungui, wala hayapasuki kuwa ukungu kama petroli. Yakiwa ya chumvi na yakakaa ndani ya bakuli la kabureta siku kadhaa, yanaila aluminiamu na kuacha unga mweupe unaokwangua kila kitu.

Maji huingia kwa njia ambazo mtu hazidhanii. Tanki lililoachwa nusu lina hewa ndani yake. Usiku ukipoa, unyevu wa hewa hiyo unageuka matone kwenye kuta na kuteremka. Mvua inapiga juu ya kifuniko chenye skrubu ya hewa iliyoachwa wazi. Dumu limeoshwa kwa maji, likageuzwa juu chini dakika tano, likajazwa. Tanki linaelea ndani ya maji ya ngama na kifuniko hakikukazwa.

Dawa yake ni uvumilivu wa robo saa. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, mimina petroli kutoka chini ya dumu, iache itulie. Kama kuna maji utaona mstari chini, au vishanga vinavyotembea ukiinamisha chupa. Kisha, unapojaza tanki, tumia faneli yenye wavu mwembamba wa chuma, na usimimine ule mwisho wa dumu. Wengi huchuja kwa kipande cha fulana au soksi. Kitambaa cha pamba kinazuia mchanga, lakini kikilowa kinapitisha maji, na nyuzi zake zenyewe huingia kwenye tanki. Ngozi ile laini ya kukaushia magari, ukiilowesha kwanza kwa petroli, inapitisha petroli na kuyazuia maji. Kipande kimoja kinakaa muda mrefu.

Wavuvi wa Ziwa Nyasa wana jambo la ziada. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli, yaani pombe inayotokana na miwa, kwenye petroli tangu 1982. Ethanoli inapenda maji. Inayanyonya kutoka hewani, na yakizidi kipimo, mchanganyiko wa maji na pombe unajitenga na petroli na kuzama chini ya tanki. Petroli ya namna hiyo haifai kuwekwa wiki nyingi, na mipira ya zamani isiyotengenezwa kwa ajili yake hulainika na kumeguka kwa ndani. Ukikuta vipande vyeusi vidogo kwenye chujio, mpira ndio unaojimega.

Dumu lisilo na jina

Uchakachuaji wa mafuta hauhitaji kuelezwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, kuyachanganya na petroli au dizeli ilikuwa biashara. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua biashara hiyo, na Kenya ikaweka tozo yake mwaka 2018. Faida ya kuchakachua ikapungua vituoni. Lakini ufukweni mafuta ya taa huingia kwenye petroli bila hila ya mtu yeyote: dumu la njano la karabai limekaa karibu na dumu la njano la mashine, ni saa kumi alfajiri, na kijana ana haraka.

Mafuta ya taa hayageuki ukungu kwa urahisi kama petroli. Mashine inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, inatoa moshi, plagi inalowa na kuwa nyeusi, na ukiibebesha mzigo inagonga kwa ndani. Zipo mashine zilizoundwa kutumia mafuta ya taa. Yamaha huzipa herufi EK. Hata hizo huwashwa kwa petroli kwanza, zikapata moto, ndipo zinahamishiwa kwenye mafuta ya taa. Mashine ya petroli haigeuki kuwa EK kwa sababu mafuta yameadimika.

Kupima ni rahisi, ila ufanye kabla ya kuchanganya oili. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi itapaa kwa dakika chache bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta, kuna mafuta ya taa au dizeli ndani. Na madumu yapakwe rangi au yafungwe kitambaa shingoni: la petroli liwe la petroli maisha yake yote.

Neno moja pembeni, kwa sababu nimeona vijana wengi wakifanya. Msinyonye petroli kwa mdomo ili kuihamisha kutoka dumu moja hadi jingine. Petroli ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, inaweza kuua. Pampu ya mkono iliyochakaa kwa mashine bado inatosha kwa kazi hiyo.

> Kwa kifupi: itulize, itazame kwenye chupa, ijaribu kwenye karatasi, ichuje. Kazi zote nne zinaisha kabla chai haijapoa.

Oili: kidogo kinaua, kingi nacho kinaua

Mashine nyingi ndogo za pwani na maziwani ni za mipigo miwili, zile ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Hazina sehemu nyingine ya kuwekea oili ya injini. Petroli ikipita bila oili, pistoni inasuguana na silinda kavu, na mashine inanoki.

Hofu hiyo imewafanya wengi wazidishe, wakiamini kuzidisha ni usalama. Si usalama. Oili iliyozidi inalowesha plagi, inajaza masizi kwenye tundu za moshi, na mashine ikikaa inaacha ulimbo mzito ndani ya bakuli la kabureta. Tena, kila kijiko cha oili kilichozidi kimechukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo mchanganyiko unaofika kwenye silinda una petroli pungufu na unaungua kwa joto kali kuliko inavyotakiwa. Anayezidisha oili ili kuilinda pistoni anaiongezea moto.

Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa mashine nyingi zilizokwisha kuzoea kazi, kipimo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli:

- lita 5 za petroli, mililita 100 za oili
- lita 10, mililita 200
- lita 20, mililita 400
- lita 25, nusu lita

Mashine mpya kabisa hupewa mara mbili ya hapo kwa saa zake za mwanzo. Chora alama kwa msumari wa moto ubavuni mwa chupa ya maji ya nusu lita, na kipimo chako kitakuwa sawa gizani na mchana.

Utaratibu wa kuchanganya nao una maana. Oili ni nzito kuliko petroli. Ukiimwaga ndani ya tanki na kuondoka, inazama, mrija unainyonya kwanza, plagi inalowa; kisha petroli inayofuata inakuja karibu kavu. Weka nusu ya petroli kwenye dumu, tia oili yote, tikisa, kisha malizia petroli na utikise tena.

Na oili yenyewe iwe ya mashine za majini, yenye maandishi TC-W3 kwenye chupa. Oili ya 2T ya pikipiki imeundwa kwa injini inayopozwa na upepo na yenye joto zaidi. Kwenye mashine inayopozwa na maji inaacha masizi magumu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina chembe za chuma ndani yake, na sijui jinsi ya kusema kwa upole: isikaribie mashine.

Petroli inayozeeka

Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye upande wake wa Ziwa Tanganyika hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu mashine zilikaa. Nautaja mfano huu kwa sababu ni kipimo kizuri cha jambo ambalo wengi hawalioni: kabureta inaharibika zaidi ikiwa imelala kuliko ikiwa kazini.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi, vinavyosaidia mashine kuwaka, ndivyo vinavyopaa kwanza. Vinavyobaki hukutana na hewa na joto na kuanza kugeuka ulimbo. Ndani ya tanki lililofungwa jambo hili ni la wiki kadhaa. Ndani ya bakuli la kabureta, lenye petroli kidogo na lililo wazi kwa hewa, ni la haraka zaidi. Petroli yote inapaa, oili na ulimbo vinabaki, na tundu la jeti linafungwa na kitu cha rangi ya asali ambacho hakitoki kwa kupuliza. Petroli iliyozeeka utaijua: rangi imeiva, na harufu haichomi pua tena, inanuka kama vanishi.

Huhitaji miezi mitatu ili upate hasara hiyo. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapovuta vyombo pwani, zinatosha kuanza kazi. Kusi likikaza na vyombo vidogo vikapumzika, ndiyo zaidi. Kwa hiyo:

Ukijua mashine haitawaka kwa wiki moja au zaidi, chomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inakimbia kwa mwendo wa chini, huku inavuta maji safi ya kuipoza, ikinywe kilichobaki mpaka izime. Usiikimbize kwa kasi wakati huo, maana oili nayo inaisha pamoja na petroli. Kisha fungua skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta na umwage matone yaliyobaki kwenye kopo. Watu huiacha hatua hii ya pili, na ndiyo inayookoa jeti.

Petroli iliyochanganywa isikae zaidi ya mwezi mmoja. Changanya ya safari, usichanganye ya msimu.

Mpira, pampu ya mkono na kifuniko

Kati ya tanki na mashine kuna mpira, na katikati ya mpira kuna pampu ya mkono, kile kifuko unachokibana kabla ya kuwasha. Mshale ulioko juu yake huelekea kwenye mashine. Kibane ukiwa umekisimamisha mshale ukitazama juu. Vali zake hufunga vizuri zaidi hivyo.

Kifuko kikikataa kuwa kigumu hata ukibana sana, kuna mahali panaingiza hewa kati yake na tanki, au vali zake zimechoka. Kikinywea na kubandikana chenyewe mashine ikikimbia, njia ya nyuma yake imeziba, na kitu cha kwanza cha kutazama ni skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Skrubu ikiwa imefungwa, tanki linanyonywa mpaka haliwezi kutoa tena, na mashine inazima baada ya mwendo fulani, kila safari mahali karibu pale pale. Wapo waliofungua kabureta, wakabadili plagi na hata kuwasingizia mashetani kwa jambo la kugeuza skrubu kwa vidole viwili.

Mashine nyingi pia zina pampu ya petroli, yenye kipande chembamba cha mpira laini ndani kinachopigwapiga na msukumo wa hewa ya injini yenyewe. Kikitoboka au kukakamaa, mashine itawaka na kutembea polepole, lakini kasi haitapatikana. Ni kipuri cha bei ndogo, na mwenye mashine anayeenda mbali anapaswa kuwa na kingine mfukoni.

Ukilazimika kuifungua

Fungua mahali penye hewa, mbali na karabai, sigara na jiko. Tandaza kitambaa cheupe, piga picha kwa simu kila hatua. Skrubu ya kurekebisha mwendo wa chini ikaze kwanza taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, ndipo uitoe. Utairudisha kwa hesabu ile ile.

Jeti isichokonolewe kwa waya wala sindano. Shaba ni laini, tundu litapanuka kwa kiasi ambacho jicho halioni, na mashine itakunywa petroli kuanzia siku hiyo. Iloweke kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa upepo wa kompresa, na kama bado imeziba pitisha uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni. Inua jeti uitazame dhidi ya anga. Tundu lililo safi linaonekana kama nukta ya duara kamili. Likiwa na pembe au ukungu bado kuna ulimbo.

Kabla ya kurudisha kabureta, mwaga tanki lote, lioshe kwa petroli kidogo, puliza mpira, badili chujio.

Ikizima huko kati

Kwanza chombo, halafu mashine. Tia nanga kama kina kinaruhusu, au pandisha tanga, au shika makasia ukae mbali na mwamba. Kisha tazama skrubu ya hewa. Tazama mpira kama umekanyagwa au umechomoka. Bana pampu ya mkono. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga kwenye kopo: kikitoka maji, endelea kumwaga huku mwenzako anabana, mpaka itoke petroli tupu, kisha funga na ujaribu.

Ikigoma bado, ndipo unapoihitaji petroli ya akiba: lita tano, zimechujwa na kuchanganywa oili nchi kavu, zimo kwenye kidumu chao kilichofungwa vizuri, kikiwa na mrija unaoingia moja kwa moja kwenye mpira wa mashine bila kupita kwenye tanki kuu. Kwa mashine ya nguvu ya farasi 15 ikienda nusu mwendo, hizo zinakufikisha mbali. Petroli chafu iliyobaki kwenye tanki ipelekwe pwani, iachwe itulie usiku kucha kwenye dumu. Asubuhi ya juu inachujwa na kurudi kazini, na ya chini, yenye maji, inabaki kwenye kopo lake mbali na mchanga mnakopigia nyavu.